Sanda ya Feruzi

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye simu aizime, na wewe unayechekacheka pale pembeni utanyamaza mwenyewe tukifika katikati. Ninayowaletea leo si ya sungura wala ya majini. Ni habari ya mama mmoja wa Ujiji, Bi. Mashavu, aliyefufuliwa na watu watatu, na mpaka sasa hakuna anayejua ni yupi kati yao alipwe. Mimi nimeshindwa, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Wa kwanza ni Kashindi, bintiye wa kumzaa. Huyu alijaliwa ukaidi. Ukimwambia hapana, anakuuliza ni hapana ya leo au ya kesho, na kesho asubuhi unamkuta mlangoni. Alikuwa muuguzi katika nchi moja ya baridi. Jina la nchi silitaji, maana nawajua ninyi, mtaacha hadithi muanze kuniuliza habari za viza.

Wa pili ni Mwajabu, mkwewe, mtoto wa Tanga. Huyu alijaliwa macho. Sura akiiona mara moja haimtoki tena. Angeweza kukutana na mtu feri akamwambia, "Wewe ni mtoto wa yule mama muuza vitumbua wa Ngamiani," na asikosee.

Wa tatu ni Almasi, seremala. Huyu alijaliwa kifua. Lawama za mji mzima zingemwagwa juu yake na bado angeamka, apige randa ubao wake. Bi. Mashavu hakumzaa, lakini mama yake naye aliitwa Mashavu, na kwetu wawili wa jina moja ni masomo: tanga la mmoja ni la mwenziwe, na mtoto wa mmoja humwita mwenziwe mama bila kutafuna maneno. Mama yake Almasi alipofariki, matanga yaliwekwa nyumbani kwa Bi. Mashavu, akamlilia somo wake mpaka sauti ikakauka.

Yupo na wa nne, Feruzi, mwana wa kiume, kifungua mimba wa Bi. Mashavu. Yeye alijaliwa ulimi. Huyo simhesabu miongoni mwa waliomfufua, kwa sababu yeye ndiye aliyemuua.

Sikilizeni alivyomuua.

Bi. Mashavu alikuwa mpika mawese. Ukipita uani kwake unakuta mapipa, moshi, na yeye mwenyewe kajifunga kanga kiunoni, mwiko mkononi, anamgombeza mtu. Alikuwa na mdomo, sikatai. Ila kwa Feruzi mdomo ule uligeuka asali. Feruzi alipokwenda ng'ambo, majirani wakauliza mbona hapigi simu, Bi. Mashavu akawajia juu: "Mwanangu ana kazi. Nyie wenu waliobaki hapa wanawasaidia nini?"

Mwaka ule somo wake alipofariki, Feruzi alikuja. Alikaa matangani kama watu wengine, akala, akaitikia dua, na kila saa simu iko juu anapiga picha. Alipiga picha turubai, akapiga picha wanawake wanaolia, akamalizia na kaburi lenye kibao cha mninga ambacho Almasi alikichonga kwa mkono wake: *Mashavu*, hivyo tu, halafu tarehe. Bi. Mashavu akafurahi moyoni. Akasema mwanangu ana adabu, anaweka kumbukumbu za somo wangu. Feruzi akaondoka, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena.

Miaka ikapita. Kashindi naye akaenda nchi ile ile, mji mwingine kabisa, kwa jasho lake mwenyewe. Alipopata ukaazi wa kudumu, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba amdhamini mama yake, mzee aje naye apate ukaazi, apumzike na moshi. Majibu yakarudi. Akampigia.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama, nakoroga mafuta. Sema."

"Wamekataa. Wanasema umekufa."

"Nani?"

"Wewe, mama."

Bi. Mashavu alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Waambie marehemu anawasalimu! Jana kala ugali wa muhogo na migebuka, na mwiba karibu umkabe afe kweli."

Kashindi hakucheka. Alikwenda ofisini mara ngapi sijui, akiambiwa neno lile lile: mwanamke wa jina hilo, wa mji huo na mtaa huo, alishakufa, na ushahidi upo. Umetoka wapi? Umo katika faili la mtu mwingine, hatulifunui. Akarudi nyumbani akalia kwa hasira, kesho akaenda tena. Alikuwa anabisha hodi kwenye ukuta, maana hakujua mlango uko wapi.

Mlango aliujua Mwajabu.

Mwajabu alikuwa mke wa Feruzi. Feruzi alimuoa Tanga, akamdhamini, akaingia nchi ile kwa jina la mumewe, na watoto wakafuata. Hakumpeleka Ujiji hata siku moja. Alimwambia, "Nikupeleke kwa nani? Wote wameondoka, mimi ni yatima." Sebuleni kulikuwa na picha mbili katika fremu, ya mama akiwa hai na ya kaburi lake. Kila mwaka Feruzi alifanya hitima ya mama yake, Waswahili wa mji wakakusanyika, na Mwajabu ndiye aliyepika pilau, anamwombea rehema mama mkwe asiyemjua.

Siku moja, harusini kwa watu, wanawake wakasimuliana: yuko dada mmoja muuguzi ananyimwa kumleta mama yake, eti mama kafa, na mama mwenyewe yuko hai anapika mawese. Mmoja akaonyesha picha ya dada huyo katika simu. Mwajabu akaiangalia. Paji lile, na ule mwanya, alikuwa akivipangusa vumbi sebuleni kwake kila siku.

Angeweza kunyamaza. Wangapi hapa wangenyamaza? Msinyooshe mikono, nawaona. Yeye alizitoa zile picha mbili ukutani, akapanda treni mpaka mji wa Kashindi, akagonga.

"Mimi ni wifi yako," akasema, "na nadhani nimekula hitima ya mtu aliye hai."

Hapo ndipo ilipojulikana. Feruzi aliwaambia wakubwa wa nchi ile kwamba mama yake kafa na hana ndugu duniani, kwa kuwa wakati ule nchi ile iliwahurumia haraka zaidi wasio na mtu wa kurudia. Akawapa picha za matanga na kaburi lenye jina, wakampa ukaazi.

Feruzi alipozikosa picha ukutani, akajua. Hakuuliza mara mbili. Alimpa Mwajabu talaka jikoni, watoto wakisikia, akahama.

Kashindi alipomweleza mama yake, safari hii Bi. Mashavu hakucheka. Alizima moto chini ya pipa, mafuta yakiwa nusu kuiva, kitu ambacho hakuna mtu wa Ujiji aliyewahi kumwona akifanya. Akaingia dukani, akatoka na kitambaa cheupe. Almasi akakutana naye njiani.

"Mama, nani kafariki?"

"Feruzi."

"Inna lillahi! Lini?"

"Bado. Yeye aliniuliza mimi lini?" Akakikunja kile kitambaa, akakikandamiza ndani ya mkoba wake. "Hii sanda nitampa mkononi. Nasikia watu wanalilia ukaazi wa kudumu. Mimi siutaki wa kudumu. Nataka siku moja tu mlangoni kwake, afungue, anione nilivyo, nimkabidhi, nigeuze."

Na kwa hasira hizo akafanya kosa ambalo mama mwenye mdomo hulifanya. Alimwambia Mwajabu kwa simu: "Mwanangu, ukinitoa kaburini, neno moja utakaloniomba nitakupa, wallahi." Jioni akamwambia Kashindi maneno yale yale. Kesho yake akamwambia Almasi. Kila mmoja alidhani kaahidiwa peke yake.

Mwajabu alishatoa lake: kufichua kwa nini mama alihesabiwa maiti. Kashindi akarudi ofisini. "Mama yangu yu hai, mpimeni damu yeye na mimi." Wakamjibu bila haya: "Marehemu hatumpimi damu. Tuthibitishieni kwanza aliyelala katika kaburi lile ni nani."

Zamu ya Almasi ikafika. Mama yake, Mungu amrehemu, alianguka zamani akavunjika paja, na hospitali walimwekea chuma. Mji mzima ulijua. Bi. Mashavu huyu mapaja yake ni ya Mungu tupu. Ilitosha kaburi lifunguliwe, chuma kionekane. Lakini nani afukue mama yake? Watu walimfuata Almasi karakanani. Wengine walimsihi, wengine walimtukana. Mzee mmoja wa msikitini alimwambia, "Ukifanya hivyo, usinisalimie tena."

Almasi akampenda Bi. Mashavu kuliko salamu yao. Akatafuta kibali cha mahakama, akasimama pale mwenyewe, akashuka na wafukuaji, akatoka na udongo magotini. Chuma kilikuwepo. Daktari akaandika, na kaburi likafunikwa kwa heshima zote. Tangu siku hiyo vitanda vyake havina mnunuzi, na katika safu ya swala watu wanaacha nafasi kati yao na yeye. Hakumlalamikia mtu. Alikuja tu kila jioni kula kwa Bi. Mashavu, kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine iliyomkaribisha.

Baada ya hapo damu ikapimwa, ikakubali. Lakini nchi ile ina sharti: anayemdhamini mzazi ambebe yeye mwenyewe, miaka mingi, kwa kila kitu, na akioa au kuolewa, mwenziwe naye aweke sahihi chini ya mzigo huo. Kashindi alikuwa na mchumba, mtu mzuri, posa imeshatoka. Mchumba akasoma, akakuna kichwa. "Mama yako nampenda, Kashindi, lakini hapa sisaini. Nipe mwaka mmoja kwanza tuoane, tujipange."

"Mama yangu ameshakuwa maiti muda wa kutosha," Kashindi akamwambia. Akasaini peke yake, na pete akairudisha.

Nipeni maji kidogo.

Mpaka hapo ingekuwa hadithi ya furaha. Bi. Mashavu kafufuka, kilichobaki ni usaili ubalozini. Lakini wale wakubwa nao si wajinga. Kama huyu mama yu hai, basi ama Feruzi alidanganya, ama Feruzi alizaliwa na Mashavu mwingine wanayemchanganya na huyu. Damu ya Feruzi hawakuwa na ruhusa ya kuichukua kwa nguvu. Kwa hiyo wakamwarifu Kashindi: siku ya usaili mama ataapishwa, aulizwe swali moja. *Feruzi ni mwanao?* Jibu lake ndilo litakalofunga mambo.

Habari ikawafikia wote, na kila mmoja akakumbuka ahadi yake.

Kashindi alipiga wa kwanza. "Mama, uliniahidi neno. Neno langu ni hili: sema ndiyo. Sema ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa na yeye ndiye aliyenizika. Wamvue ukaazi wake, wampandishe ndege, arudi Ujiji na mkono mtupu, kila mtu amwone. Mimi nimepoteza mume kwa ajili ya uongo wake. Usinidhulumu."

Kabla simu haijapoa, Mwajabu. "Mama, mie nina haki kuliko mtu yeyote ya kumchukia Feruzi, na namchukia, Mungu ananiona. Ila mie na wajukuu zako tuliingia huku kwa jina lake. Jina hilo likifutwa, nasi tunafutwa. Mdogo hajui hata kusema Kiswahili vizuri, nimrudishe wapi? Uliniahidi. Sema hapana. Sema humjui."

Almasi hakupiga simu. Alikaa kwenye kigoda, akala mpaka akamaliza, akanawa mikono. "Mama, na mimi uliniahidi."

"Najua. Sema na wewe uniue."

"Usiende. Ukisema ndiyo, mambo yao yanakwisha. Ukisema hapana, yanakwisha vilevile. Usijibu chochote. Faili libaki wazi, Feruzi akae roho juu maisha yake yote, kila akisikia hodi adhani ni wao. Na wewe ubaki hapa. Nimemfukua mama yangu ili uwe hai. Ukiondoka, nitabaki na nani?"

Bi. Mashavu aliyatazama mapipa yake. Moyoni mwake, niwaambie kweli, alitaka majibu yote matatu. Alitaka Feruzi afukuzwe, alitaka Feruzi azikwe, alitaka Feruzi ahangaike. Alipokuwa akipika, akila, akipanga mashuka, alikuwa anayaonja maneno yale mdomoni, lipi kali zaidi. *Mwanangu Feruzi? Alishakufa.* Hilo ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Kisha akakumbuka kuwa hilo ni sawa na kusema hapana, jibu lile lile litakalomwokoa, na likageuka uchungu.

Siku moja kabla ya usaili, baada ya alasiri, simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo, bibi."

Aliijua sauti. Mtu aliyekuwa akikimbilia kwenye kanga yako radi ikipiga, sauti yake utaisahau vipi? Akakaa chini taratibu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni... mtu wa huku. Nimesikia kesho unaitwa."

"Mtu wa huku hana jina?"

Sauti ikashuka: "Bibi, simu hizi zinasikilizwa. Wewe nielewe tu. Wakikuuliza, sema humjui. Itakuwa heri kwa watu wote."

"Nikisema simjui, siku yangu ikifika nani atanizika?"

"Nitafanya... tutakufanyia hitima."

"Si unanifanyia kila mwaka?"

Akasikia pumzi upande wa pili, nzito, kama ya mtu anayepanda ngazi. Akasema polepole, kwa sauti ambayo hata majirani zake hawaijui:

"Niite lile jina uliloniita utotoni ulipoanza kujifunza kusema. Mara moja tu. Halafu kesho nitajua la kujibu."

Upande wa pili mtoto analia mahali, au ni gari.

"Bibi," Feruzi akasema, "kuna watu hapa karibu." Akakata.

Haya, unayecheka pembeni, mbona kimya?

Kesho yake Bi. Mashavu aliingia ubalozini na baibui jipya, mkoba mapajani, ndani ya mkoba kitambaa cheupe. Afisa mwanamke, mkalimani kijana wa Kinyakyusa mwenye tai. Wakamwapisha. Mkalimani akamfafanulia bila haraka. Akisema ndiyo, Feruzi atanyang'anywa ukaazi na kurudishwa, pamoja na wote walioingia kwa jina lake, na yeye mama atasafiri kwenda kwa binti yake. Akisema hapana, atasafiri vilevile na kila mtu atabaki alipo, ila kiapo ni kiapo, hataweza tena kumwita Feruzi mwanawe mahali popote penye muhuri wa serikali ile. Akinyamaza, ombi linafungwa, hasafiri tena kamwe, jasho la Kashindi limekwenda na maji, na faili la Feruzi linabaki wazi.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, baba."

"Basi anauliza. Feruzi ni mwanao?"

Bi. Mashavu akaweka kiganja juu ya mkoba. Akafungua mdomo.

Na mimi hapa nafunga wangu.

Msininung'unikie! Mimi sikuwemo chumbani. Ninachojua ni kwamba watu watatu walimtoa mama mmoja kaburini. Mwajabu aliuonyesha mlango, na bila yeye wangebisha ukutani mpaka leo, na ikamgharimu ndoa. Almasi aliufungua, na ikamgharimu mji wake na usingizi wa mama yake. Kashindi alimpitisha, na ikamgharimu mume. Toa mmoja, Bi. Mashavu ni maiti. Kila mmoja anadai neno lake, kila mmoja aliapiwa wallahi, na neno la mmoja ni dhuluma kwa wawili. Na asiniambie mtu hapa amsamehe tu mwanawe. Kusamehe nako kuna jibu lake kati ya hayo matatu, nitajie ni lipi.

Afisa anasubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Wewe, ndiyo wewe, ungekuwa Bi. Mashavu ungemlipa nani kati ya watatu? Na ile sanda iliyo mkobani, ungeifanya nini?